Nilivyojitoa kwenye LUKU ya kuchangia

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mbagala aliniandikia: "Shoga, mimi nina taa moja na simu tu, mbona kila mwezi nachangia umeme 10,000?" Nikacheka, kisha koo likanikaba. Huyo ni mimi wa miaka minne nyuma.

Nilipanga Tandika, vyumba saba, mita moja ya LUKU, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Kila chumba 5,000, zikiisha tunachanga tena. Kwangu taa, feni na simu. Chumba cha tatu friji, pasi na sabufa inayotikisa bati. Siku ya kuchanga, sote sawa. Nilipouliza, nikaitwa mchoyo mbele ya watoto.

Nami si malaika. Nikanunua hita ya ndoo. Usiku wa manane nachemsha maji ya kuoga, nimeziba chini ya mlango kwa kanga, moyo unadunda. Kumbe kule koridoni kitaa chekundu cha mita kinapepesa mbio mbio, na jirani anayekwenda chooni anakitazama! Aibu ya siku ile ninayo hadi leo.

Lililoniuma zaidi nililijua baadaye. Aliye D1, kundi la matumizi madogo, kwa 9,150 anapata uniti 75, ukiacha kodi ya jengo. Sharti wastani wake usizidi uniti 75 kwa mwezi. Sasa vyumba saba mtabaki humo vipi? Sisi tulikuwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, uniti moja kama shilingi 356; hela ile ile inatoa uniti 25 na ushee. Yaani nafuu imewekwa kwa ajili ya mnyonge, naye anaikosa kwa sababu amebanana na wanyonge wenzake, huku anayeishi nyumba nzima peke yake anaipata.

Nilimbembeleza mwenye nyumba miezi mitatu. Akakubali niingize mita yangu kwa shilingi 320,960, nusu tukatane kwenye pango. Habari za fomu na fundi naziruka, zinachosha. Tokeni ya kwanza ilipoingia, nilibonyeza zile tarakimu 20 polepole kama nahesabu mahari.

Basi shoga, ulizeni mita yenu iko kundi gani. Andika matumizi kwenye daftari. Pasi mara moja kwa wiki. Mita yako ikishindikana, changeni kwa vifaa, si kwa vichwa: mwenye friji atoe cha friji. Na daftari, narudia, daftari! Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni ya mwenye nyumba, mwambieni airudishe kwenye pango. Nanyi wenye nyumba, hivi mnalalaje usingizi, bibi wa taa moja anapolipia barafu za mwenzake zinazouzwa dirishani?

Leo tarehe 22, mita yangu inasoma uniti 31 zimebaki. Na wewe wa chumba cha tatu, najua huwa unapita hapa: ile 5,000 ya Ramadhani bado nakudai.