Kabla ya kitabu cha hisa, pita kwanza Kongwa

Mhariri, wiki iliyopita mlituwekea swali la kijana wa Singida, mwenye miaka 24, anayesema maduka ya vitabu yamejaa vitabu vya kumwambia aamke alfajiri atajirike, na yeye anatafuta vitabu vya fedha na uwekezaji vilivyoandikwa kwa mtazamo wa wanauchumi wa Austria. Aanze na kipi, na atakipata wapi? Mimi ni mhasibu mstaafu, naishi Dodoma, na nina shamba dogo la mizabibu Mpunguzi. Vitabu hivyo nimekuwa navyo kwa miaka kadhaa, vingine nimevirudia mara mbili. Naomba nimjibu kwa kirefu, maana laiti mtu angenieleza mimi haya kabla sijachukua mkopo wangu wa viwanja.

Mwanangu, Austria unayoitafuta ni mkondo wa fikra. Ulianzia Vienna mwaka 1871, Carl Menger alipotoa kitabu chake cha misingi ya uchumi. Alisema thamani ya kitu inatoka kwa mtu anayekihitaji, mahali alipo na wakati alionao, wala haimo ndani ya kitu chenyewe. Mtu wa Chamwino hahitaji kufundishwa hilo: ndoo ya maji ya mwezi wa kumi siyo ndoo ile ya mwezi wa pili. Baada ya Menger akaja Eugen von Böhm-Bawerk, ambaye pia alikuwa waziri wa fedha wa Austria, kisha Ludwig von Mises, kisha Friedrich Hayek aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1974. Hawa hawakuwa washauri wa hisa. Waliandika juu ya pesa, riba, mtaji na bei. Ndiyo maana ukienda dukani kuulizia kitabu cha uwekezaji cha mkondo huu unatoka mikono mitupu: vitabu vya namna hiyo ni vichache, na vilivyopo vimesimama juu ya vile vya zamani.

Ungekuja nyumbani leo, nisingekupa kitabu. Ningekupa makala ya Hayek ya mwaka 1945, The Use of Knowledge in Society, ya kurasa 12 tu. Anasema maarifa yanayoendesha uchumi hayako kwenye kichwa kimoja wala ofisi moja. Yametawanyika kwa watu wengi, kila mmoja na kipande chake, naye yule anayepanga akiwa mbali hawezi kuvikusanya vipande vyote mezani kwake. Bei ndiyo inayopeleka habari kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Ukimaliza kuisoma, panda basi ushuke Kongwa, huku huku Dodoma.

Mwaka mmoja tu baada ya makala hiyo, 1946, Uingereza ilituma watu kuja kupima kama Tanganyika inaweza kulimwa karanga kwa mashine, kwa sababu baada ya vita kwao mafuta ya kula yalikuwa haba. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Mpango ulikuwa wa zaidi ya ekari milioni 3, ukigusa pia Urambo na Nachingwea. Yakaletwa matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Marehemu babu yangu alikuwa kibarua wa kung'oa visiki pale. Alikuwa akitusimulia kwamba mibuyu iliwashinda, na kwamba hakuna aliyewahi kuwauliza wenyeji mvua za pale zinanyeshaje. Wagogo walilima uwele na mtama na kuhama na ng'ombe wao kwa sababu wanazozijua. Udongo ule jua likiupiga unakauka ukawa kama saruji, karanga zinabaki chini hazing'oleki. Mvua nazo zikakata. Januari 1951 mpango ukaachwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zikawa zimepotea. Leo pale kuna ranchi ya ng'ombe, kazi ambayo wenyeji walikuwa wakiifanya tangu mwanzo.

Nimeikalia sana habari hii kwa sababu kwangu ndiyo somo la kwanza la uwekezaji. Wale walikuwa na fedha, wataalamu na nia ya kulisha watu wao. Walichokosa kilikuwa kwa mzee aliyekaa chini ya mti akichunga mbuzi. Siku hizi mtu akiniletea mradi, hata uwe na jedwali zuri namna gani, nauliza kwanza: mwenye kujua jambo hili kwa macho yake ni nani, na yeye pesa yake ameiweka wapi?

Baada ya hapo chukua kitabu kidogo cha Murray Rothbard, mwanauchumi wa Marekani wa mkondo huu huu, cha mwaka 1963, What Has Government Done to Our Money? Kinaeleza pesa imetoka wapi na inapunguaje nguvu. Unaweza kukimaliza kwa Jumamosi mbili. Mimi kilinikumbusha baba. Aliuza madume mawili ya ng'ombe, akaweka pesa kwenye kitabu cha benki kwa ajili ya masomo yetu. Miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulizunguka asilimia 30 kwa mwaka, na alipokwenda kuzitoa hazikutosha kununua hata mbuzi jike na ndama. Alidhani karani amekosea hesabu. Karani hakukosea. Shilingi yetu ilipoanza mwaka 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti chache. Leo ni zaidi ya 2,000. Baba hakuwa mvivu wala mbadhirifu. Alihifadhi akiba yake kwenye kitu kilichokuwa kinayeyuka, na hakuna aliyemfundisha kuangalia.

Simfuati Rothbard hadi mwisho. Yeye anataka benki kuu zifungwe kabisa, nami baada ya miaka thelathini ya kushika vitabu vya hesabu sioni nchi kama yetu ikifanya hivyo bila wanyonge kuumia kwanza. Lakini huhitaji kukubaliana naye kuhusu dawa ili ujifunze namna anavyoueleza ugonjwa.

Sasa riba na muda, na hapa ndipo mkondo huu unapolipa. Böhm-Bawerk aliona kwamba njia ndefu ya uzalishaji mara nyingi huzaa zaidi kuliko njia fupi, ila inahitaji mtu aliyeweka akiba ya kula wakati akisubiri. Mfano unaotumika sana ni wa mvuvi anayekubali kula kidogo leo ili apate muda wa kuchonga mtumbwi na kusuka wavu. Vitabu vyake ni vizito, usianze navyo. Msome kupitia Mark Spitznagel, The Dao of Capital, cha mwaka 2013. Huyu ni mtu wa masoko kweli. Alianzia Chicago kwenye soko la mikataba ya mazao na hatifungani (hati za kukopesha serikali au kampuni kwa riba), akifundishwa na mfanyabiashara mzee wa mahindi, na somo la kwanza alilopewa lilikuwa kukubali hasara ndogo mapema. Wafanyabiashara wa soko la mahindi la Kibaigwa wangemwelewa mzee yule bila mkalimani. Sura za mwisho za kitabu zimejaa vyombo vya soko la hisa la Marekani ambavyo kwenye soko letu la Dar es Salaam, lenye kampuni chache, havipo. Sura hizo zisome kwa kuelewa tu, usijaribu kuziiga.

Mimi nilimwelewa Böhm-Bawerk shambani. Mzabibu hauanzi kwa kuvuna. Unachimba mashimo, unaweka samadi, unasimamisha nguzo, unavuta nyaya, unapogoa, na msimu ule wa kwanza hupati kitu cha kupeleka sokoni. Ukishakomaa unavuna mara mbili kwa mwaka. Halafu linakuja swali la pili: uuze zabibu mbichi wakati kila mtu anavuna na bei iko chini, au ukamue, uhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi, usubiri? Anayesubiri hupata zaidi, lakini anatakiwa awe na matangi na awe na chakula ndani. Wenzangu wengi wanauza mbichi wakijua kabisa wanapoteza, kwa sababu ada za shule hazisubiri. Huo ndio mtaji kwa maana ya Böhm-Bawerk: uwezo wa kusubiri. Tangu nimesoma hilo sijawahi tena kumwita jirani mjinga kwa kuuza mapema.

Hapo utaona pia kwa nini mkopo wa kausha damu unaua shamba hata kama riba ungeiweza. Marejesho ni kila wiki, mzabibu unataka zaidi ya mwaka. Muda wa mkopo na muda wa mradi havikutani. Kosa langu lilikuwa la aina hiyo hiyo. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, viwanja vilipanda bei hata pembezoni, nami nikachukua mkopo kwa dhamana ya mshahara nikanunua viwili upande wa Nala nikitegemea kuuza haraka. Afisa aliyenikopesha hakuniuliza nitauza kwa nani. Viwanja havikunizalishia hata senti, na makato yakaendelea kila mwezi kwa miaka mitano. Sisemi jambo lile ni mfano kamili wa nadharia ya Mises na Hayek kuhusu mikopo inayozaa miradi isiyo na akiba nyuma yake. Lakini nilipoisoma baadaye nilijiona humo: wanunuzi wote tulikuwa na pesa za kukopa, tukadhani ni dalili kwamba wakazi wenye akiba wapo wa kutosha. Tangu Januari 2024 Benki Kuu yetu inatangaza riba yake ya sera, ile inayoongoza riba za mabenki; ilianza na asilimia 5.5. Ukiwa umesoma haya, tangazo lile halitakupita redioni kama habari za watu wengine.

Vitabu vya uwekezaji wenyewe nitakutajia viwili. Cha kwanza ni Austrian School for Investors cha Rahim Taghizadegan, Ronald Stöferle, Mark Valek na Heinz Blasnik. Wameandika Waaustria wenyewe, Kiingereza chake kilitoka mwaka 2015, na kinajibu karibu kila ulichouliza. Cha pili ni Fail-Safe Investing cha Harry Browne, cha mwaka 1999. Browne alianza kwa kutabiri kushuka kwa dola, akapatia, kisha akafikia uamuzi kwamba hakuna mtu wa kutegemewa kutabiri kesho. Akashauri akiba igawanywe mafungu manne sawa: hisa, hatifungani za muda mrefu, dhahabu na fedha taslimu. Kwetu hatifungani za serikali zipo, hadi za miaka 25, hisa zipo, na mwenye kidogo anaweza kununua vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Kwenye dhahabu uwe mwangalifu: kununua dhahabu ghafi bila leseni ni kosa la jinai, hata kama anayekuuzia ni binamu yako kutoka machimboni.

Kuna jambo linanisumbua, nitalisema wazi. Jina la mkondo huu limechukuliwa na watu wanaouza hofu. Baada ya msukosuko wa fedha duniani wa 2008 wengi walitangaza kwamba bei Marekani zitalipuka kesho yake. Kwa zaidi ya miaka kumi hazikulipuka. Aliyeweka kila kitu kwenye dhahabu Septemba 2011, ilipofika karibu dola 1,900 kwa wakia, aliiona ikishuka hadi takriban dola 1,050 mwishoni mwa 2015, na ilimbidi asubiri mpaka 2020 irudi pale. Mises mwenyewe alifundisha kwamba uchumi hautabiriki kwa tarehe na tarakimu. Kwa hiyo ukikuta kitabu au kijana wa mtandaoni anayetaja Mises kisha anakupa mwezi wa anguko na namba ya kutuma pesa, funga.

Kuvipata ni rahisi kuliko ulivyodhani. Taasisi ya Mises iliyoko Auburn, Alabama, iliyoanzishwa mwaka 1982, imeviweka vitabu vingi vya Menger, Mises na Rothbard kwenye tovuti yake bure. Viwili vya uwekezaji na cha Spitznagel utavinunua. Human Action cha Mises, cha mwaka 1949, kina zaidi ya kurasa 800. Kiache mpaka umri wangu. Vyote nilivyovishika ni vya Kiingereza, kwa hiyo soma na mwenzio, aya kwa aya, mkibishana kwa Kiswahili.

Mimi makala ya Hayek niliichapisha stationari, nikaibana kwa waya, nikaandika maelezo ya Kiswahili pembeni, na naiazima. Mwaka jana aliichukua kijana wa jirani anayenunua mahindi ya Kiteto pale Kibaigwa. Alirudi kuniuliza kama yule mzee aliwahi kuuza mahindi, maana ameeleza habari za bei kama mtu aliyesimama sokoni. Nikamwambia hapana, alikuwa mwalimu tu. Akaniomba akae nazo zile karatasi mpaka msimu uishe.