Wati 5 kwenye tinySA
SWALI: Ndugu mhariri, redio yangu ya mkononi hurusha wati 5 kwenye 145 MHz. Nikiichomeka kwenye tinySA (kifaa kidogo kinachoonyesha nguvu ya mawimbi kwa kila masafa) nipime hamoniki (mawimbi ya ziada kwenye mara mbili, mara tatu ya masafa ya redio), nitaiunguza tinySA?

JIBU: Ukichomeka moja kwa moja, ndiyo. Wati 5 ni dBm 37 (dBm ni kipimo cha nguvu kwa kulinganisha na miliwati 1). Usiipe tinySA zaidi ya dBm 10. Weka katikati atenueta (vipunguza nguvu ya mawimbi) za jumla ya dB 50, itafika dBm -13 (37 kutoa 50). Ile ya upande wa redio iwe ya wati 10, maana ndiyo inayobeba karibu joto lote.

Hamoniki ya pili itaonekana 290 MHz. Kabla hujailaumu redio, ongeza atenueta ya dB 10: hamoniki ya kweli itashuka dB 10, ikishuka karibu 20, imezaliwa ndani ya tinySA yenyewe.