Wasomaji Wanauliza: Mizinga Mitatu, Mnara Mmoja

SWALI: Nachonga modeli ya manowari ya Kitaliano Dante Alighieri kwa kipimo cha 1:200. Fundi mwenzangu anashikilia kuwa omo, yaani mbele ya meli, kulikuwa na minara miwili ya mizinga (vyumba vya chuma vinavyozunguka na mizinga yake), mmoja ukiwa juu ya mwenzake. Ni kweli?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Si kweli, na ukimfuata utakuwa umechonga meli nyingine. Dante ilikuwa na minara minne, kila mmoja na mizinga mitatu ya milimita 305 (upana wa tundu la mtutu), yote kwenye mstari wa katikati na yote kwa kimo kimoja. Meli ilikuwa na urefu wa mita 168.1 na upana wa mita 26.6, hivyo modeli yako itakuwa sentimita 84 kwa 13.3. Weka mnara mmoja omo, mmoja tezi (nyuma), na miwili katikati, baina ya jozi mbili za dohani. Mizinga ya milimita 120 ni 20: minane imo kwenye viminara vya miwili miwili, viwili kandokando ya mnara wa omo na viwili kandokando ya ule wa tezi, 12 iliyobaki hutokeza ubavuni. Kama unaichonga ilivyokuwa mwaka 1913, usiiwekee mlingoti wa miguu mitatu. Huo ulifungwa 1923.

Mpangilio huo ulikuwa na hesabu yake. Mchoraji wa meli wa Kitaliano, Vittorio Cuniberti, alipendekeza mwaka 1903 meli yenye mizinga mikubwa 12 ya aina moja. Manowari Dreadnought ya Waingereza, iliyokamilika 1906, ilikuwa na 10, lakini minara yake miwili ilikaa pembeni, kwa hiyo ubavu mmoja ulipata minane tu. Edoardo Masdea, aliyeichora Dante, aliielekeza yote 12 upande wowote. Hasara yake ilikuwa mbele: ikimfukuza adui moja kwa moja, ilipiga kwa mizinga mitatu tu, maana mingine ilizibwa na daraja la nahodha na dohani. Tena mnara mmoja ukikwama, robo ya nguvu yote imekwenda.

SWALI: Mbona Conte di Cavour, iliyofuata, ina mizinga 13? Hesabu gani hiyo?
Msomaji, Temeke

JIBU: Ni minara mitano: mitatu, miwili, mitatu, miwili, mitatu. Omo na tezi, mnara wa mizinga miwili ulipanda juu ya ule wa mitatu, na hapo ndipo alipochanganya yule fundi mwenzake msomaji wa Kigamboni. Juu hawakuweka mitatu kwa sababu uzito ukipanda, meli hulalia ubavu kirahisi. Sasa mizinga mitano ilipiga mbele na mitano nyuma. Mnara wa katikati ndio uliobanwa, kwa kuwa ulifaa kupiga ubavuni tu.

Kwa maoni yetu huo ndio udhaifu mkubwa wa mchoro, na Wataliano wenyewe waliung'oa walipoijenga upya meli hiyo kati ya 1933 na 1937. Nafasi yake ilichukuliwa na mitambo mipya, na mitutu iliyobaki ikakerezwa ndani kutoka milimita 305 hadi 320. Kombora likawa zito zaidi, la kilo 525, lakini ukuta wa mtutu ukawa mwembamba na makombora yakatawanyika. Sitaha za kinga ziliongezwa pia, ila chini ya maji kinga haikutosha: Novemba 1940, bandarini Taranto, torpedo moja iliizamisha.

SWALI: Mizinga ya Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyozama Rufiji, ilikuwa mikubwa kiasi gani ukilinganisha na hiyo?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Ni midogo sana. Ilikuwa ya milimita 105, na kombora lake la kilo 17 hivi hubebwa na mtu mmoja. Kombora la milimita 305 lilikuwa na kilo 450 hivi, kwa hiyo lilipandishwa kwa mtambo kutoka ghalani. Ndiyo maana Wajerumani waliweza kuiopoa mizinga yote 10 ya Königsberg mwaka 1915, wakaileta karakana za hapa Dar es Salaam na kuifunga magurudumu ili ipigane nchi kavu.