Mzio na saratani ya damu: usimeze hizo predinisoloni kabla hawajakata tezi

Mleta uzi, hizo predinisoloni (vidonge vya steroidi) ulizosema unaanza kesho, usizianze. Umeuliza kama mwenye aleji ya vumbi yuko hatarini kupata saratani ya damu, ukauliza vipimo, ukauliza na habari za paka wako. Mimi jicho limenasa pale ulipopita haraka: mwili unawasha usiku bila vipele, na shingoni una kitu kama punje ya maharage, hakiumi.

Njia hiyo nimeipita.

2018 nilianza kuwashwa. Upele hakuna, ila alama za kucha zangu mwenyewe. Tangu utotoni nina mafua ya aleji, kwa hiyo kila mtu akaona jibu analo. Tukabadili sabuni, tukatupa godoro la sufi, dagaa wakapigwa marufuku nyumbani, hata mbuzi wa jirani alisingiziwa. Setirizini, vidonge vya aleji, zikanipa usingizi tu. Kipimo cha damu kikaonyesha eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, ziko juu, na yule muuza dawa wa mtaani kwetu akagonga meza: "Si unaona? Aleji hiyo!" Eosinofili hupanda kwa aleji, hupanda kwa minyoo, na zinaweza kupanda kwa limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu ambayo huhesabiwa kati ya saratani za damu. Hilo la tatu hakulisema. Akanifungia predinisoloni.

Jamani, zilifanya kazi! Siku ya nne muwasho kimya, na tezi ya shingoni ikanywea. Nilimpelekea soda kwa furaha. Wiki tatu baadaye vyote vikarudi, nikarudi dukani, akanifungia tena. Dozi tano ndani ya miezi saba. Nikaja kuelewa kwamba predinisoloni ni mojawapo ya dawa zinazotumika kutibu baadhi ya limfoma, kwa sababu inaua limfosaiti, chembe nyeupe ambamo limfoma huanzia. Ukiimeza peke yake inaufinya ugonjwa bila kuuponya, halafu mtu wa maabara anatazama kinyama cha tezi kilichovurugwa. Nilipofika hospitali nilikuwa naloa jasho usiku hadi shuka inakamuliwa, na kutoka kilo 71 nimebaki na 60. Kinyama cha kwanza kilirudi hakina jibu. Tukasubiri tezi iote tena, wakaikata nzima. Hodgkin, hatua ya 3, imeshashuka hadi tezi za tumboni. Kama ingekatwa ilipokuwa punje, huenda ingekutwa shingoni tu.

Yule mtu bado ananichoma moyo. Miezi saba hakuwahi hata kunigusa shingo! Dawa ya kuandikiwa na daktari aliipima kama karanga.

Kuhusu swali lako: watafiti wa Seattle, Marekani, walifuatilia watu zaidi ya 66,000 wa miaka 50 hadi 76, matokeo yakatoka 2013. Wanawake wenye aleji ya vitu vya hewani, kama chavua, walionekana kupata saratani za damu zaidi kidogo. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Huo ni uhusiano, haujathibitisha kwamba aleji ndiyo chanzo, na wenye aleji walio wengi mno hawapati saratani hizo. Vumbi lisikunyime usingizi. Punje ndiyo ikuamshe.

Tezi isiyoondoka wiki mbili tatu ipate jina kwanza, steroidi baadaye. Mwambie daktari akushike shingo, makwapa na kinena. Wakivuta kwa sindano nyembamba na jibu likaja "hakuna kitu" huku tezi ipo, omba wakate nzima, maana Hodgkin hujificha kwenye sindano. FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) ikitoka safi usishangilie, yangu ya mwanzo ilikuwa karibu safi, ukiacha hizo eosinofili. Na mwingine anayesoma hapa ambaye ameshazimeza wiki kadhaa, asikatishe ghafla, ni hatari, aende kwa daktari apunguziwe.

Umesema shingoni, hukusema wapi. Iko juu ya mtulinga? Ina muda gani? Nijibu leo kabla hujalala.