Mbwa anayehema mchana kutwa

Pole ndugu yangu wa Igogo. Umesema mbwa wako anahema ulimi nje tangu saa tano, na banda lake ni la bati juu ya jabali. Shida ipo hapo hapo. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, hupoa kwa kuhema, na mawe yetu haya ya Mwanza hushika joto hadi usiku. Mhamishie chini ya mwembe, maji yawe kwenye sufuria nzito asiyoweza kuipindua. Wangu nilimkuta kajilaza kwenye tope la bombani, tumbo chini, nikaelewa. Mtembeze alfajiri.

Akiyumba, akitapika au ufizi ukiwa mwekundu sana, mmwagie maji, mpepee, umkimbize kwa daktari wa mifugo hata akionekana kupata nafuu.