Anza leo, usingoje tarehe mosi

Dada, umeuliza kama ni vibaya kuanza kabla ya mwezi wako wa kusoma riwaya za zama za Malkia Victoria. Hata kidogo, anza leo! Great Expectations, riwaya ya Mwingereza Charles Dickens, ilitoka kwenye jarida kila wiki, Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Wasomaji wa mwanzo waliifuata miezi minane hivi, wewe una siku 30 tu. Ina sura 59. Mbili kila usiku zinatosha. Ile ya kwanza, mfungwa mwenye pingu mguuni anapomkalisha Pip, mvulana msimulizi, juu ya jiwe la kaburi, hadi leo hunisisimua mwili. Middlemarch, riwaya ya George Eliot, iache kwanza, ni nene mno. Kiingereza kikikuchosha, tafuta Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Kiswahili ya King Solomon's Mines, riwaya ya 1885.