Vidonge vya mdogo wangu vilibaki kaunta

Mara ya kwanza mdogo wangu kulala mahabusu, kosa lake lilikuwa kupiga kelele usiku na kugonga milango ya majirani. Alikuwa akiwaonya juu ya hatari aliyoiona yeye peke yake. Pale kaunta walimvua mkanda, wakatoa kamba za viatu, na vidonge vyake vya skizofrenia (ugonjwa wa akili) wakavitia kwenye bahasha hiyohiyo. Alipoachiwa siku ya nne tulirudishiwa bahasha, vidonge havijapungua hata kimoja. Alitoka mgonjwa kuliko alivyoingia, na sasa ana kesi.

Nimesimama kwenye kaunta hizo mara tano, kwa hiyo nasema ninayoyajua.

Mgonjwa wako akiwa ametulia, kaeni pamoja muandike ukurasa mmoja: jina la ugonjwa, dawa na saa zake, simu ya kliniki, kinachomtuliza na kinachomchokoza. Wangu ukimshika bega kutoka nyuma anarusha mkono, na hapo fujo inageuka kumshambulia askari. Sentensi hiyo tumeiweka juu kabisa. Ukifika kituoni usianze kugombana (mimi niligombana, nikatolewa nje). Omba askari wa zamu aandike kitabuni kwamba huyu ni mgonjwa na ana dawa za kumeza saa fulani. Neno la mdomo zamu ikibadilika linapotea, la kitabuni linabaki. Na umwone wakili kabla ya mashtaka kusomwa. Mdogo wangu alikubali kosa mara mbili kwa sababu alitaka kwenda nyumbani kulala.

Lakini karatasi yetu haiwezi kuziba pengo la huduma. Kliniki inafungwa jioni, ugonjwa unapanda usiku, na anayepokea simu saa nane za usiku ni polisi. Memphis, Marekani, mwaka 1988 walianza kuwapa baadhi ya polisi mafunzo ya saa 40 ya kushughulika na wagonjwa wa akili, baada ya polisi kumpiga risasi na kumuua kijana mgonjwa mwaka uliotangulia. Wengi waliouiga mpango huo walichukua mafunzo, wakaacha nusu ya pili: hospitali iliyokubali kumpokea mgonjwa haraka, askari arudi kazini. Askari mpole asiye na pa kumpeleka mtu atampeleka mahabusu, tena kwa upole.

Kwa hiyo viongozi wakiahidi huduma za afya ya akili, mimi huwauliza mawili tu: usiku nani anakuja, na anampeleka wapi?

Siku hizi mdogo wangu anachomwa sindano mara moja kwa mwezi, habari ya kusahau vidonge imeisha. Sindano hiyo ilikuwapo miaka yote tuliyohangaika. Aliyetutajia mara ya kwanza ni nesi wa zahanati ya gereza.